Siku 30 ndani ya 42: kipande, mkataji na mama wa uji katika mashamba ya mkonge ya Tanga

Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Mkataji wa mkonge akimaliza kazi aliyopimiwa, karani humwekea alama ya siku moja. Asipoimaliza, hana siku, hata kama alishinda juani tangu alfajiri. Kadi ikijaa alama 30, analipwa. Ila kadi ilikuwa na mwisho wake: ilitakiwa ijae ndani ya siku 42.

Hapo kwenye 42 ndipo kisa hiki kilipo. Tajiri wa shamba hakujulikana kwa kugawa bure, na kila alichokitoa alikipima: unga kwa kopo, majani kwa fungu, palizi kwa mistari. Mtu wa aina hiyo, kwa nini ampe mfanyakazi siku 12 za ziada kukamilisha kazi ya siku 30? Na katika siku hizo 12, nani alikuwa anamlisha?

Shamba ninalolichambua ni mfano wa mashamba mengi yaliyokuwa kandokando ya reli ya Tanga, Ngomeni, Muheza, Mnyusi, Korogwe hadi Mombo, tangu Waingereza walipoishika Tanganyika hadi mwisho wa miaka ya 1950. Kila shamba lilikuwa na mambo yake, lakini kipande kilikuwa karibu kilekile kila mahali.

Namba 30 haikuletwa na Waingereza. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge ambayo asili yake ni Yucatan, Mexico. Ilipitia Florida, na iliyofika ikiwa hai pwani ya Tanga ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Miche 62 ikazaa maelfu, kwa sababu mkonge ukikaribia kufa hutoa mlingoti mrefu wenye vichipukizi vingi mno. Watu ndio walikosekana. Wasambaa, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao, na hawakuona sababu ya kwenda kuhangaika na miiba ya mtu mwingine.

Serikali ya Kijerumani ilijibu kwa kodi ya nyumba, iliyotangazwa 1897 kwa kima cha rupia 3. Kodi haikutosha. Mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, ikaanza kugawa kadi za kazi. Kila mwanaume mwenye kadi alitakiwa afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi 4, na asiyefanya alichukuliwa kwa nguvu kwenda kazi za serikali. Wazee waliokuja kupewa vipande na Waingereza miaka ya 1920 walikuwa wameshaiona kadi yenye siku 30. Kilichobadilika ni muda: miezi 4 iliminywa ikawa wiki 6.

Sheria ya 1923 ya mabwana na watumishi wenyeji ikakaza kamba zaidi. Kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha, au kutoonekana kazini bila sababu inayokubalika, lilikuwa kosa la jinai. Mtu aliweza kutozwa faini au kufungwa kwa jambo ambalo Uingereza kwenyewe wakati huo lilikuwa mgogoro wa madai tu kati ya watu wawili.

Kabla ya kurudi kwenye zile siku 12, lazima tuuelewe mmea wenyewe, maana ndio uliopanga kazi za watu.

Jani la mkonge karibu lote ni maji na nyama ya kijani. Singa, yaani nyuzi zinazouzwa, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Kupata tani 1 ya singa unabeba tani 25 za majani, pengine zaidi. Jani likikatwa haliwezi kulala siku nyingi, kwa kuwa likinyauka singa hutoka chafu na hubanduka kwa shida. Hivyo kiwanda lazima kiwe ndani ya shamba, na katikati yake ikae ile mashine kubwa ya kuparua majani ambayo watu wa Tanga wanaiita korona hadi leo. Korona inataka maji mengi na majani bila kukatika. Ikisimama kwa kukosa majani, moto unawaka bure, mafundi wamekaa bure, na meneja anatafuta wa kumlaumu.

Lawama ilianguka kwa mkataji.

Tumpigie hesabu. Majani yalifungwa mafungu ya 30, na idadi ya mafungu kwa kazi moja ilitofautiana kati ya shamba na shamba na mwaka na mwaka. Tuchukue mafungu 70, kazi ambayo mtu mzoefu aliimudu. Hayo ni majani 2,100. Kila jani analishika, analikata shinani, anaondoa mwiba wa ncha, analiweka kwenye fungu, anafunga, kisha anabeba mafungu hadi kando ya reli ndogo ambako toroli litapita. Akianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 6 mchana bila kupumzika, ana takriban sekunde 10 kwa kila jani, kubeba na kupanga kukiwa humo humo. Jani likiwa na nusu kilo, na mengi huzidi hapo, amegusa zaidi ya tani 1 ya majani kabla ya chakula cha mchana. Kilichomo ndani yake ni singa za kilo 42 hivi. Kipande kikijaa, mtu huyu mmoja amekata majani 63,000 na kuipa meli ya Ulaya tani 1 na robo ya singa.

Mara nyingi mkataji hodari alimaliza mapema mchana akaonekana amekaa kivulini, na hapo ndipo ilipozaliwa hadithi ya uvivu wa manamba, yaani wafanyakazi wa mkataba waliotoka mbali. Aliyepita saa 8 alasiri akawakuta wamelala hakuwepo saa 11 alfajiri walipokuwa wanaingia shambani na umande, huku utomvu wa jani ukiwawasha mikono.

Baada ya mkataji zilifuata kazi nyingine, na si zote zilikuwa za kipande cha kupimiwa. Wapakizi wa toroli walifuata mwendo wa wakataji. Pale korona walikuwepo walishaji wa mashine, kazi ya kasi iliyoweza kumng'oa mtu mkono. Singa mbichi zilitoka zikiwa zinatiririka maji, zikapelekwa uwanjani kuanikwa kwenye nyaya, zikigeuzwa hadi jua lizifanye nyeupe. Kutoka hapo zilikwenda chumba cha brashi, ambako vumbi lilikuwa jingi kiasi kwamba aliyekaa humo miaka mingi alitambulikana kwa kikohozi chake. Halafu zikapangwa madaraja, zikashindiliwa kuwa robota, robota zikapanda treni hadi Tanga mjini, na bandarini makuli wakazishusha kwenye matishari yaliyozifikisha melini. Pembeni ya mlolongo huo palikuwa na mafundi wa mitambo, madereva wa vichwa vya treni ndogo, waashi, maseremala, dresa wa zahanati, walinzi, mpishi na yaya wa nyumba ya meneja. Juu ya wafanyakazi, chini ya mzungu, alikaa mnyapara, na kando ya mnyapara alikaa karani mwenye kalamu.

Fundi, karani na mnyapara walipokea mshahara wa mwezi. Mwezi wao ulikwisha mwezi ulipokwisha. Mwezi wa mkataji ulikwisha kadi ilipojaa. Ukitaka kujua daraja la mtu ndani ya shamba, usiulize anafanya kazi gani. Uliza mwezi wake una siku ngapi.

Kwa nini basi wakataji wengi walitoka mbali, na makarani wengi karibu? Mameneja walikuwa na majibu yao ya kikabila: kabila hili lina mikono ya kukata, lile la kupalilia, jingine halifai ila kwa kalamu. Binafsi siyapi uzito majibu haya. Wabondei walikuwa na shule za misheni ya Magila karibu na Muheza tangu zamani za wamisheni wa Kiingereza, na kijana aliyesoma pale akajua kuandika hakukubali kushika kisu akiwa na nafasi ya kushika daftari. Msambaa alikuwa na migomba yake mlimani. Alishuka akihitaji fedha za jambo fulani, akafanya kibarua siku chache, akapanda kwake. Neno lenyewe linaonyesha uhusiano huo: kibarua ni barua ndogo, cheti cha siku, kazi isiyomfunga mtu. Anayeweza kwenda nyumbani kula hupangi naye kazi ya majani 2,100.

Asiyeweza kwenda nyumbani ni yule aliyetoka Songea, Njombe, Buha, au ng'ambo ya mpaka Ruanda-Urundi, ndizo Rwanda na Burundi za leo. Huyo alisajiliwa kwa namba, akavishwa namba, akaitwa kwa namba, na ndiyo asili ya manamba. (Nchini Kenya neno hilo limeishia kwa vijana wanaoita abiria kwenye matatu. Safari ya maneno ina vituko.) Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipoziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi huko Asia mwaka 1942, Uingereza ilikosa nyuzi za huko, na wanaume wa Tanganyika wakapelekwa kwa amri ya serikali kwenye mashamba, ya mkonge yakiwemo. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandika manamba, SILABU, ikawa na vituo mikoani. Aliyetoka Kigoma alipanda reli ya kati, akashuka, akamalizia safari kwa lori, kwa sababu reli ya kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeunganishwa. Kipande cha reli cha Ruvu hadi Mnyusi kilifunguliwa 1963, wakati uandikishaji wa manamba ulikuwa unaelekea ukingoni.

Sasa zile siku 12.

Maelezo ya kwanza ni ya kalenda. Siku 42 ni wiki 6, na ndani yake mna Jumapili 6. Zinabaki siku 36 za kazi. Ukitoa 30 za kadi, kuna 6 za homa, mvua kubwa, msiba, au kazi iliyoishia njiani ikakosa alama. Maelezo haya ni ya kweli kwa sehemu. Malaria ilikuwa ya kawaida, vidonda vya miguu vilikuwa vya kawaida zaidi, na siku ya ugonjwa haikuwa na alama. Wapo wanaoiona nafasi hii kuwa ni huruma. Kwa mtazamo wangu ni makadirio tu: tajiri alishajua kwamba mwili wa mtu hauwezi kutoa kazi ile siku 36 mfululizo, mwezi baada ya mwezi.

Maelezo ya pili ni ya sheria. Ukomo wa siku 42 uliweka mstari kati ya anayechelewa na anayetoroka. Ndani ya mstari, mkataji anajivuta. Nje yake, anaweza kushitakiwa. Kwa meneja, kuita polisi kila asubuhi mtu asipoonekana ni kazi isiyowezekana. Kadi ilimfanyia usimamizi huo kimyakimya.

Maelezo ya tatu ndiyo ninayoyaona mazito, na yanatokana na swali la fedha: alama 30 zilipokuwa hazijatimia, mshahara ulikuwa wapi?

Ulikuwa kwa tajiri. Mtu mwenye alama 29 ameshakata majani 60,900, mengi ya majani hayo yameshakuwa singa, pengine robota zimeshaondoka Tanga, na yeye bado hajalipwa mshahara wake. Amepata posho: unga au mahindi, maharage, chumvi. Shamba likiwa na wakataji 300, na kila mmoja yuko katikati ya kadi yake, tajiri wakati wowote ana mkononi mwake siku za kazi 4,500 ambazo hazijalipiwa. Huo ni mkopo, na mkopeshaji ni mkataji.

Mkopeshaji naye lazima ale. Posho ilikuwa chakula kikavu, na mahindi hayajipiki. Anayekata tangu alfajiri hadi mchana, akirudi kambini hajakuta maji, hajakuta kuni, hajakuta mahindi yaliyotwangwa. Wanaume wasio na wake walikula kwa kikundi, wakipika kwa zamu, na zamu ya kupika ilikuwa na gharama yake: kulala kidogo, au kukosa siku. Jumapili ilikuwa ya kufua, kutafuta kuni na kuponya mgongo. Ukiangalia ile akiba ya siku 6 kwa jicho hili, sehemu yake kubwa ilikuwa kazi za nyumbani za mtu asiye na nyumba.

Au aliwalipa wengine wazifanye. Hapa ndipo anapoingia mwanamke ambaye hana kadi.

Wanawake waliokuwa shambani walifanya kazi za aina mbili, na daftari la karani liliona aina moja tu. Iliyoonekana ni palizi, ambayo ilipimwa kwa mistari, na uanikaji wa singa, kazi iliyotaka mikono myepesi na macho ya kutazama mawingu, kwa sababu mvua ikizikuta singa uwanjani daraja linashuka. Kazi hizo zilipewa wanawake na vijana, nazo zilikuwa na malipo ya chini kuliko ya kukata. Mameneja waliziita nyepesi. Anayesema palizi ya mkonge ni nyepesi ajaribu kupitisha jembe kati ya mistari miwili ya majani yenye mwiba kila ncha, halafu ainame.

Aina ya pili haikuandikwa popote. Ni maji, kuni, kutwanga, kupika, kulea, kuuguza. Ni uji wa alfajiri uliouzwa kwenye njia ya kwenda shambani. Ni pombe ya mahindi au mtama iliyoanza kuchachushwa siku kadhaa kabla ya siku ya mshahara. Ni nguo zilizofuliwa kwa malipo, ni chumba kilichofagiliwa na mtu aliyeitwa mke kambini hata kama kule Songea alikuwepo mke mwingine. Barua za mameneja na maofisa wa serikali zilipowataja wanawake hawa zilipenda kuwataja kwa ulevi na uhuni. Sikatai kwamba kambi zilikuwa na ulevi na zilikuwa na biashara ya mwili, kwani panapokaa mamia ya wanaume bila familia hayo hutokea. Lakini anayesoma barua hizo bila kuuliza pombe ililipwaje anakosa jambo kubwa.

Ililipwa kwa deni. Uji ulinywewa leo, ukalipwa kipande kikijaa. Pombe vilevile. Mama wa uji alijua kadi ya kila mteja wake imefika alama ngapi pengine kumshinda mnyapara, kwa sababu mtaji wake wote ulikuwa ndani ya kadi za watu wengine. Mkataji akiugua wiki mbili, si yeye peke yake aliyechelewa. Mama naye alichelewa kununua mtama wa pombe inayofuata. Mkataji akitoroka usiku, tajiri alipoteza mfanyakazi na akabaki na siku za kazi alizokuwa hajazilipia. Mama wa uji alipoteza fedha, na hakuna sheria ya 1923 wala ya mwaka mwingine iliyokwenda kumkamata mdeni wake.

Fuata mkopo huo kutoka juu hadi chini. Kampuni ya Ulaya inanunua singa. Tajiri wa Tanga anapata nafasi kwa kuzuia mshahara hadi kadi ijae. Mkataji anapata nafasi kwa kula kwa deni. Mwisho wa mnyororo amekaa mwanamke mwenye sufuria, na hana wa kumkopa isipokuwa shamba lake dogo la muhogo na mahindi pembezoni mwa kambi, kwenye ardhi ambayo mkonge haujapandwa. Siku 12 za tajiri zilibebwa na sufuria hiyo.

Kulikuwa na mwanamke mwingine, wa mbali zaidi. Mwanaume aliyesaini mkataba Songea au Njombe aliacha nyumba. Kufyeka shamba jipya na kukata miti kulihesabiwa kazi ya mwanaume. Akiondoka kwa mwaka au miwili, mke aliyebaki alirudia shamba la zamani lililochoka, au alitafuta kaka na shemeji wa kumsaidia, akawapikia pombe ya ujima kama malipo. Wakati huo watoto walikula alichokilima yeye. Mshahara wa mkataji ulipangwa kana kwamba ni mtu mmoja asiye na tumbo jingine la kulisha, na uliweza kupangwa hivyo kwa sababu matumbo mengine yalikuwa yanalishwa na jembe la mtu asiyelipwa. Hata serikali zenyewe zilikuja kulikiri tatizo: kamati ya Carpenter huko Kenya, mwaka 1954, ilijadili wazi tofauti ya mshahara wa mtu mseja na mshahara wa mtu mwenye familia, ikapendekeza kuelekea huo wa pili.

Baada ya vita upepo ulibadilika. Mpango wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947, uligombania wafanyakazi walewale. Bei ya singa ilikuwa nzuri. Mkonge uliajiri zaidi ya watu 100,000, na gharama ya kumtafuta manamba mpya kila mwaka, kumsafirisha na kumfundisha kisu ilianza kuonekana kubwa. Mameneja ambao zamani waliwaona wanawake kuwa kero wakaanza kupendelea mwanaume aliyekuja na mke. Nyumba za familia zikajengwa badala ya mabweni katika baadhi ya kambi, na viwanja vya kulima vikagawiwa. Haikuwa tafakari ya kibinadamu. Mwenye mke alijaza kadi yake haraka, na hakutoroka kirahisi.

Ila manufaa ya kukaa pamoja hayakwenda upande mmoja. Watu waliokaa miaka 5 kambi moja wanajuana, na wanaojuana hukubaliana. Miaka ya 1950 vyama vya wafanyakazi viliingia mashambani, na mwaka 1958 mgomo wa shamba la Mazinde ulitikisa wenye mashamba wa jimbo zima. Chama cha wafanyakazi wa mkonge na mashamba kikapata nguvu chini ya Victor Mkello, na mazungumzo yakahamia kwenye mambo ambayo kadi ilikuwa imeyafunga kwa miaka 30 na zaidi: kazi moja ipimwe kiasi gani, siku ilipweje, na nani ahesabiwe kuwa ni mfanyakazi. Katika mgomo, posho husimama siku ya kwanza. Aliyeuliza wagomaji walikula nini hakuwa na haja ya kwenda mbali na zile bustani za muhogo.

Mishahara ilipopanda, tajiri alifanya alichofanya kila tajiri: akataka kazi zaidi kutoka kwa watu wachache zaidi. Waliojua kukata vizuri walibaki, wa kuja na kuondoka wakapunguzwa, na manamba wa mkataba akaanza kutoweka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha singa nyingi kuliko wakati wowote, kama tani 230,000. Kisha bei ikaporomoka, kamba za plastiki zikaingia sokoni, na mwaka 1967 serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Korona moja baada ya nyingine zikapunguza zamu, nyingine zikanyamaza kabisa na nyasi zikafunika reli ndogo.

Wengi wa waliokuwa manamba hawakurudi. Ukipita leo Muheza, Korogwe na vijiji vya katikati utakuta koo za Wabena, Wangoni, Waha na Wamakonde ambazo wajukuu wake wanasema Kiswahili cha Tanga kama wenyeji wengine. Kadi zao zilikwisha, korona ikafungwa, mshahara ukakatika. Walichobaki nacho ni pale pembezoni mwa kambi, ule muhogo na mahindi ya mwanamke ambaye karani hakuwahi kumwandikia siku hata moja.